Soprano na Piano: Kuisikiliza Aria Kuu ya Mozart

Aria ya tamasha ni utungo wa mwimbaji mmoja na orkestra unaosimama peke yake, nje ya opera. Hapana mavazi ya kuigizia, hapana pazia, wala wahusika wengine wa kumsaidia mwimbaji kueleza kisa. Anasimama mbele ya watu, na kwa dakika chache inambidi awafunulie moyo wa mtu ambaye hawakumwona akiingia wala hawatamwona akitoka. Wolfgang Amadeus Mozart aliandika aria za namna hii tangu utotoni hadi 1791, mwaka aliofariki. Iliyo bora kuliko zote ni “Ch'io mi scordi di te?”, namba 505 katika orodha ya Köchel ya tungo zake. Ndiyo pia inayomfaa zaidi msikilizaji mgeni anayetaka kujua ni kitu gani hasa kinachomfanya soprano, yaani mwimbaji wa sauti ya juu ya kike, aitwe mkubwa.

Mozart aliimaliza Vienna mwishoni mwa Desemba 1786. Katika daftari alimoorodhesha tungo zake alionyesha kwamba ilikuwa ya watu wawili: Nancy Storace na yeye mwenyewe. Storace alizaliwa London mwaka 1765, baba Mwitalia na mama Mwingereza, na tarehe 1 Mei 1786 ndiye aliyekuwa Susanna wa kwanza katika opera ya Mozart, “Le nozze di Figaro”. Hakuwa mwimbaji wa noti za kupaa mno. Mwaka mmoja kabla, sauti ilimkatika akiwa jukwaani katika opera ya kaka yake, Stephen, na ikamchukua miezi kupona. Mozart aliijua sauti hiyo vizuri: uzuri wake ulikuwa katikati, mahali ambapo maneno husikika, na uhai wake ulitokana na akili ya mwigizaji. Sasa Storace alikuwa anajiandaa kurudi Uingereza. Tarehe 23 Februari 1787 alifanya tamasha la kuaga katika ukumbi wa Kärntnertor, na inaaminika kuwa aria hii iliimbwa usiku huo, Mozart mwenyewe akiwa kwenye piano.

Maneno yake yanatoka katika kisa cha “Idomeneo”, opera aliyoitoa Munich mwaka 1781. Idamante, mwana wa mfalme wa Krete, anampenda Ilia, binti wa mfalme wa Troya aliyeshindwa vitani. Ilia anamsihi amsahau, aende kwa mwanamke mwingine. Idamante anakataa. Onyesho hili liliongezwa opera ilipochezwa Vienna mwezi Machi 1786, na hapo aliyeandamana na mwimbaji alikuwa mpiga fidla. Mwaka ule ule Mozart aliyachukua maneno hayo, akayatungia muziki mpya kabisa, na nafasi ya fidla akaipa piano. Mtaalamu wa muziki Alfred Einstein aliusoma utungo huu kama barua ya mapenzi kwa Storace. Ushahidi wa mapenzi hayo haupo, na muziki hauuhitaji. Kuagana kwa wasanii wawili walioelewana kazini kunatosha kuueleza.

Aria ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni resitativo, uimbaji ulio karibu na kusema, usio na mapigo ya kudumu. Mwimbaji anauliza kwa mshangao iwapo kweli anaambiwa asahau, anakasirika, anajuta kukasirika, kisha anaapa kwamba heri kufa. Vinanda vya nyuzi vinakatiza, vinangoja, vinakatiza tena. Hapa mwimbaji wa kawaida huharakisha ili afike kwenye wimbo. Aliye hodari huzitumia nafasi za kimya: anaiacha orkestra imalize, anavuta pumzi kama mtu anayetafuta neno, ndipo anapojibu. Wasikilizaji wasiojua Kiitaliano hata kidogo huelewa kwamba mbele yao mtu anabishana na jambo lisilovumilika.

Sehemu ya pili ni rondo. Inaanza kwa mwendo wa taratibu, kisha inachangamka, na kiitikio chake cha faraja hurudi kila mara baada ya machungu mapya. Humo ndimo piano inamojitokeza kama mhusika wa pili. Klarineti, basuni na honi zinaweka rangi ya joto nyuma, huku piano ikikariri alichosema mwimbaji, ikikipamba, na mara nyingine ikimtangulia. Anayesikiliza taarabu ameshasikia kanuni au fidla ikimjibu mwimbaji kati ya beti; tofauti ni kwamba hapa jibu lote limeandikwa noti kwa noti, na mara nyingi sauti na piano husikika pamoja. Kwa hiyo soprano anapimwa pia kwa sikio lake. Kuna mahali ambapo anatakiwa kushikilia noti ndefu wakati vidole vya mpiga piano vinakimbia. Akiikaza noti hiyo kupita kiasi, piano inazama. Akiilegeza, mstari wake unakatika.

Hayo yote hufanyika bila kipaza sauti. Nguvu kubwa ya orkestra iko katika mitetemo ya chini, karibu na 500 kwa sekunde, na hupungua kadiri mtu anavyopanda. Mwanamume mwimba opera hukusanya nguvu ya sauti yake karibu na mitetemo 3,000, ambako orkestra ni dhaifu. Soprano aliye juu hutumia njia nyingine: noti inapopanda, anashusha taya na kupanua kinywa ili mwangwi wa koo na kinywa ulingane na noti yenyewe. Hapo sauti ndogo ya binadamu hujaza ukumbi. Gharama yake ni irabu. C ya juu ya soprano hutetema mara 1,047 hivi kwa sekunde, na katika kimo hicho “i” na “u” hukaribia kusikika kama “a”. Mozart aliliepa tatizo hilo kwa kuweka sehemu kubwa ya maneno katikati ya sauti na kuziacha noti za juu kwa vilio na mapambo. Kwa sababu hiyo, aria hii inamfichua mwimbaji kuliko zile za kurukaruka juu: irabu chafu inasikika papo hapo, na pumzi iliyogawanywa vibaya haina pa kujificha.

Rekodi inayoonyesha ustadi huo kwa ukamilifu ni ile aliyoifanya Elisabeth Schwarzkopf London mwaka 1968, pamoja na London Symphony Orchestra chini ya George Szell, Alfred Brendel akiwa kwenye piano. Schwarzkopf, aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa amevuka miaka 50, na sauti haikuwa tena na ule uteke wa rekodi zake za miaka ya 1950. Lakini alichokipoteza katika ung'avu alikifidia kwa maneno. Kila kiitikio kinaporudi anakiimba kwa rangi nyingine: kwanza kama anayembembeleza mpenzi, baadaye kama asiyeamini tena faraja anayoitoa. Anapozilalamikia nyota katili zilizomwandikia mateso, konsonanti zinakuwa kali lakini mstari wa wimbo haupasuki. Wapo wahakiki waliosema siku zote kwamba alipanga mno, kwamba kila silabi ilionyesha alama ya mkono wake. Katika nyimbo nyepesi hoja yao ina uzito. Katika aria hii, ambayo mhusika wake anapima kila neno asije akamuumiza anayempenda, uangalifu huo ndio uigizaji wenyewe. Brendel naye hampigii nyuma kama msindikizaji. Anajibu kwa sauti safi, isiyotumia uzito wa piano kubwa ya kisasa.

Uzito huo wa piano ni jambo la kuzingatiwa na anayelinganisha rekodi. Piano ya Mozart, iliyotengenezwa na Anton Walter na sasa kuhifadhiwa Salzburg, ilikuwa na fremu ya mbao, oktavo tano, na sauti iliyofifia upesi. Ikitumika ala ya namna hiyo, mwimbaji anaweza kushuka hadi karibu na mnong'ono na bado akasikika. Waimbaji wa mezzo, ambao sauti yao ni nzito kidogo kuliko ya soprano, nao wameichukua aria hii kwa mafanikio, akiwemo Cecilia Bartoli, aliyeirekodi pamoja na mpiga piano András Schiff. Kwao noti za katikati zina giza zaidi na maombolezo yana kina. Kwa soprano kama Schwarzkopf, kupanda kwenda juu kunasikika kama matumaini, na kwa hiyo kila mara sauti inaposhuka, hasara inaumiza zaidi.