Kabla hujaita lori la udongo, pitia timboni

Uko kwenye mjengo Kilifi na fundi ashakuambia uite lori la udongo wa kujazia msingi? Ngoja kwanza.

Pita timbo lolote la mawe, kuanzia Vipingo hadi Malindi. Msumeno ukishakata mawe ya matumbawe, nyuma hubaki vipande vilivyovunjika na unga mweupe. Wengi wetu tunaona taka. Wazee hawakuona hivyo. Gede, mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, kuta zake ni vipande vya matumbawe vilivyoshikwa kwa chokaa na udongo.

Ila kujaza msingi si kumwaga tu. Vipande vikubwa vikae chini, unga uingie kwenye mianya. Weka tabaka la kama sentimita 15, nyunyizia maji, shindilia, ndipo uweke lingine. Zege na matofali yaliyovunjwa pia yanafaa. Plastiki, majani na udongo mweusi wa mfinyanzi, achana navyo: majani huoza, mfinyanzi huvimba mvua ikija, na sakafu hupasuka.

Timbo lishachimbwa, mabaki yapo. Lakini kila lori la udongo mpya huacha shimo kwenye shamba la mtu. Masika yakifika shimo hujaa maji, watoto wanaingia kuogelea, na si wote wanaotoka.

Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize fundi wako: mabaki ya timboni hayatoshi?