Mhadhara Ukumbini na Mhadhara Simuni

Machi 2020, serikali ya Tanzania ilipoamuru vyuo vikuu vifungwe kwa hofu ya UVIKO-19, wanafunzi walifunga virago wakarejea makwao, wengine vijijini ambako mtandao hupatikana kwa kupanda kilima; na walipoitwa tena, tarehe 1 Juni, masomo yaliyosalia yalishindiliwa kama tende kandani. Kenya ilikawia zaidi kufungua milango, na baadhi ya vyuo vyake vikaendesha masomo, hata mitihani, kwa intaneti.

Hapo ikadhihiri kuwa mhadhara wa simuni si ule wa ukumbini uliohamishwa tu. Kwani mwalimu, aliyezoea kuzisoma nyuso za wanafunzi wake ajue nani amefahamu na nani ameghafilika, sasa alihutubia majina matupu kiooni. Wala elimu ya mbali haikuwa bidaa: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoasisiwa 1992, kilikwisha kuizoea.

Kwa rai yangu, chuo kilichoirudia chaki bila kuhifadhi mihadhara iliyorekodiwa kimeitupa rasilimali ambayo mwanafunzi mgonjwa, au mama mwenye mtoto mchanga, angeisikiliza usiku kwa nafasi yake.