"Unasoma nini siku hizi?": Namna vitabu vinavyotembea mkono kwa mkono mashariki mwa Congo

Muulize mkaaji wa Bukavu, wa Butembo ao wa Uvira ni kitabu gani anasoma sasa, na mara nyingi jibu la kwanza ni hili: "Mimi sina wakati ya kusoma." Kiisha, ukikaa naye kidogo, unakuta kila asubuhi anafungua Biblia ao Korani, mtoto wake wa sekondari amemsimulia nusu ya riwaya moja ya Kifaransa, na ndani ya simu yake kuko vitabu viwili vitatu vya PDF ambavyo rafiki alimtumia kwa WhatsApp na ambavyo ameanza bila kumaliza. Basi watu wanasoma. Kuulizana juu ya kile wanachosoma ndiko kunakokosekana, na katika majimbo ya mashariki hiyo ni hasara kubwa kuliko mahali pengine, sababu hapa mtu hajui kitabu kwa kukiona dukani. Anakijua kwa kuambiwa.

Sababu si ngumu kuelewa. Maduka ya vitabu ni machache. Kitabu chenye kuchapishwa Paris ao Brussels kinafika na bei kali, na hata chenye kuchapishwa Kinshasa kinapaswa kupanda ndege ao kukaa siku nyingi juu ya maji mpaka Kisangani, maana hakuna barabara nzuri ya kutoka Kinshasa mpaka Kivu. Wauzaji wa kandokando ya barabara wanatandika vile walivyopata: kamusi, vitabu vya masomo vya zamani, riwaya ambazo ndani bado kuko muhuri wa shule fulani. Kwa hiyo kitabu kimoja kinafanya kazi ya vitabu kumi. Mwalimu anamuazimisha mwanafunzi, mwanafunzi anampa yaya yake, yaya anapita nacho kazini, na jirani mmoja anakiona juu ya meza.

Mfano mzuri wa namna hiyo ni Zamenga Batukezanga. Alizaliwa mwaka 1933 upande wa Luozi, mbali sana na maziwa ya huku, na akafariki mwaka 2000. Alitoa vitabu zaidi ya ishirini, kama vile "Bandoki" mwaka 1973, "Carte postale" mwaka 1974 na "Mille kilomètres à pied" mwaka 1979. Wajuzi wa fasihi hawakumheshimu sana wakati wake. Walisema Kifaransa chake ni chepesi mno. Lakini wepesi huo ndio uliomfikisha kwa wasomaji. Sentensi ni fupi, kitabu ni chembamba, kinaingia mfukoni, na habari ni zile watu wanazoongea usiku nyumbani: uchawi, ndoa, kijiji na mji, ndugu mwenye kwenda Ulaya na kile wanaobaki wanachongojea kwake. Mtu aliyeacha masomo mwaka wa tatu wa sekondari anaweza kukimaliza. Na akishakimaliza, anaweza kukisimulia.

Hapo ndipo kuko jambo ambalo watu hawaliangalii sana. Kitabu kimeandikwa kwa Kifaransa, lakini kinasimuliwa kwa Kiswahili. Yule mwenye kusema "niko nasoma kitabu moja, inafurahisha kweli" anafanya kazi ya mtafsiri bila kulipwa. Anachagua, anakata, anabadilisha majina ya mitaa ili msikilizaji aone vizuri. Mama mwenye kuuza unga sokoni anaweza kujua habari yote ya kitabu ambacho hakukishika hata siku moja, na akabishana juu ya mwisho wake.

Na vitabu vya kubishania kuko. V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alitoa mwaka 1973 riwaya yake "Entre les eaux". Ni habari ya padri mmoja, Pierre Landu, mwenye kuacha parokia na kuingia msituni pamoja na waasi. Kwa familia za Uvira na Fizi ambazo wazee wao waliishi mambo ya Simba mwaka 1964, swali la padri huyo si la darasani tu. Kifaransa chake ni kigumu, hilo lisifichwe. Afadhali kukisoma wawili. Mwepesi zaidi, na mwenye kuchekesha, ni In Koli Jean Bofane katika "Mathématiques congolaises" ya mwaka 2008: kijana yatima wa Kinshasa, Célio, anabeba kitabu cha zamani cha hesabu na kujaribu kuelewa njaa na siasa kwa kanuni zake. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi (kule wanasema "buku", si kitabu), alitoa "Tram 83" mwaka 2014, na habari yake inazunguka baa moja katika mji wa machimbo. Mtu wa Kamituga ao wa Rubaya hatahitaji kuelezwa mengi. Naye daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, alitoa "La force des femmes" mwaka 2021. Hicho ni kizito kwa roho, usimpe mtu bila kumwambia mbele kilicho ndani.

Wenye kupenda kusoma kwa Kiswahili chenyewe wana chaguo kidogo, maana riwaya nyingi za Kiswahili zinatoka Tanzania na Kenya na Kiswahili chake kinamkwaza msomaji wa huku kwenye kurasa za kwanza. Mutu asikate tamaa. "Peponi", tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2022, inafuata msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani mpaka ng'ambo ya ziwa, na mkaaji wa Kalemie ao wa Moba atasoma mambo hayo akiwa amesimama upande ule mwingine wa maji.

Hofu inayozuia watu kusema wanasoma nini inajulikana: ukisema, watakuja kuazima, na kitabu hakitarudi. Ni kweli. Dawa yake ni kaye moja ya shule: jina la kitabu, jina la mtu, siku alipokichukua. Wamoja wanaona haya kumwandika rafiki, lakini ile haya ndiyo inapoteza vitabu, maana baada ya miezi sita hakuna mwenye kukumbuka, hata yule aliyekichukua kwa roho safi.

Lakini kukifungia ndani ya sanduku nako si usalama. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma, na nyumba zikaenda pamoja na kila kitu. Na wakati wa kukimbia vita, mtu anabeba watoto, sufuria, godoro na makaratasi ya masomo, vitabu vinabaki. Siku kama hiyo, kile alichoazimisha kwa mtu wa mtaa mwingine ndicho kinaweza kupona.

PDF inaponyoka hatari hizo, ingawa mara nyingi inazunguka bila mwandishi kupata hata franga moja, na simu ikiisha moto kitabu nacho kinalala. Fotokopi nayo ina ugonjwa wake. Chenye kupita mikono mingi kinapoteza jalada kwanza, kiisha kurasa za mwisho, na msomaji anabaki kuzunguka mtaani akitafuta mtu aliyekisoma kikiwa bado kizima, ili amwambie namna mambo yalivyokwisha.