Mpige picha mdudu kabla ya kumpiga dawa

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wengi wakiona mdudu mgeni shambani hukimbilia duka la pembejeo. Wakifika humweleza muuzaji kwamba kuna vidudu vidogo vyeusi vinakula majani, naye huwapa dawa iliyopo. Wiki moja baadaye dawa imekwisha, fedha zimekwisha na wadudu wapo palepale.

Mara nyingi kosa si la dawa, bali ni la kutomjua mdudu mwenyewe. Kamera ya simu ya mkononi inaweza kupunguza hasara hiyo, ilimradi mkulima ajue kupiga picha ambayo bwana shamba ataielewa.

Fundisho la muhogo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo kutoka Amerika ya Kusini aliingia Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kisha akasambaa katika nchi nyingi za Afrika.

Watafiti walikwenda alikotoka kutafuta maadui wake wa asili. Kaskazini mwa bara hilo walimpata kidung'ata aliyefanana naye sana, lakini maadui wa huyo hawakufaa kumdhibiti wa Afrika. Ikagundulika kuwa hizo zilikuwa aina mbili tofauti.

Mwaka 1981 mdudu halisi alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya mwili wake. Nyigu huyo aliachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha katika nchi nyingine, na muhogo ukapona. Dk Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa tuzo ya chakula duniani, World Food Prize, mwaka 1995.

Ikiwa wataalamu walichanganywa na wadudu wanaofanana, mkulima mwenye haraka atachanganywa zaidi.

Namna ya kupiga picha

Ingia shambani asubuhi mapema, kwani wadudu wengi huwa wazito kwa baridi na hawaruki ovyo. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Sogeza simu hadi kama sentimita 10 kutoka kwa mdudu, kisha gusa skrini pale alipo. Picha ikiwa na ukungu, rudisha simu nyuma kidogo.

Usikuze picha kwa vidole wakati wa kupiga, maana huharibika. Kwa wadudu wadogo sana, weka mbele ya kamera kioo cha kukuzia, kama kile cha mafundi saa. Jua likiwa kali, kinga kwa kofia.

Picha moja haitoshi. Piga mmea mzima, sehemu iliyoliwa, kisha mdudu kwa juu, kwa ubavu na kichwani. Weka sarafu au rula kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe, mahali na aina ya zao.

Alama za kutazama

Kwa kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyethibitika Afrika mwaka 2016, tafuta alama nyeupe ya herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia.

Katika nyanya, inua jani lielekee kwenye mwanga kabla ya kulipiga picha. Mstari mwembamba unaopindapinda ni kazi ya nzi anayechimba majani. Mabaka mapana yasiyo na mpangilio huashiria kantangaze, ambaye hutoboa pia matunda.

Aidha, si kila mdudu wa kutisha ni adui. Yule mdudu wa duara mwekundu mwenye madoa meusi hula vidukari. Watoto wake hawafanani naye kabisa, kwani ni warefu, weusi na wana vijimiba mgongoni. Wengi huwaua wakidhani ni waharibifu, na hivyo kuwaachia vidukari nafasi ya kuzaliana.

Kwa wauza nafaka

Wafanyabiashara nao wana sababu ya kutazama kwa makini. Fukusi ana mdomo mrefu kama mkonga. Dumuzi ana mwili wa mviringo kama kipande cha penseli, na ukimtazama kwa juu kichwa hakionekani. Dawa inayommaliza mmoja yaweza isimtishe mwingine, ndiyo maana baadhi ya dawa za unga za kuhifadhia mahindi huchanganya viuatilifu viwili. Muuzaji wa pembejeo anayeomba kuona picha kabla ya kutaja dawa humlinda mteja wake.

Hata hivyo, picha ina mipaka. Vithiripi, nzi weupe na vidung'ata mara nyingi huhitaji hadubini ili aina yake ijulikane. Kwa hao, weka wachache kwenye kichupa chenye spiriti, bandika karatasi yenye tarehe na mahali, kisha mpelekee ofisa ugani pamoja na picha.

Kazi hiyo yote haichukui nusu saa. Mkulima anayeingia dukani akiwa anamjua mdudu wake hununua dawa inayofaa, au hurudi nyumbani na fedha zake kwa sababu amegundua kuwa hakuhitaji dawa.