Lori la Mafuta Likipinduka, Hatari Huanza Kabla ya Moto

Lori la mafuta linapopinduka barabarani, watu wengi hudhani kwamba hatari itaanza pale moto utakapowaka. Dhana hiyo imewaangamiza wengi. Mnamo Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walifariki huko Sachangwan, karibu na Molo, baada ya moto kuwakuta wakichota petroli kwenye lori lililoanguka. Mnamo Septemba 12, 2011, petroli iliyovuja ilifuata mtaro hadi mtaa wa mabanda wa Sinai, Nairobi, ikalipuka na kuua wengine zaidi ya 100.

Je, ni kwa nini petroli huwaka ghafla hivyo? Kinachowaka si yale mafuta unayoyaona, bali mvuke wake usioonekana. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi kali. Nao ni mzito kuliko hewa, kwa hivyo haupai ukapotea. Hutambaa chini na kujaa mitaroni, mahali pale pale wanaposimama wachotaji. Cheche ya injini, sigara au debe linalogonga jiwe yatosha kuuwasha. Aliye ndani ya mvuke huo huungua mwili mzima kwa nukta chache, na akivuta pumzi huungua koo pia.

Hata pasipo moto, mvuke huo huleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na petroli iliyolowesha nguo huchubua ngozi.

Basi ufanye nini? Ondoka mara moja. Nenda upande upepo unakotoka, mahali pa juu wala si bondeni, umbali wa mita 300 au zaidi. Tangi likishika moto, iwe mita 800. Usiwashe gari karibu na mafuta. Piga simu 999 au 112. Ukiweza kusoma ukiwa mbali nambari iliyo kwenye kibao cha lori, itaje: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli na 1830 ni asidi ya salfuriki. Usikaribie ili kuisoma.

Aliyeungua mmwagilie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usitumie barafu. Mvue pete, saa na nguo, lakini iliyogandamana na ngozi iache. Kisha mfunike kwa leso safi na kumkimbiza hospitali. Dawa ya meno, mayai, unga na mafuta ya kupikia havifai. Huziba joto ndani ya kidonda na kuleta viini.

Usidanganyike kwa kuwa majeruhi anazungumza. Ngozi iliyoungua sana huvuja maji ya mwili kwa saa nyingi, na asipoongezewa maji kwa mishipa, figo huweza kushindwa kufanya kazi. Sauti ikikwaruza, au nywele za pua zikiwa zimeungua, koo linaweza kuvimba na kuziba pumzi. Huyo asicheleweshwe hata kidogo.

Hatari hii haiko barabara kuu pekee. Katika gereji zetu, makanika wengi hufyonza petroli kwa mdomo kupitia mpira. Tone likipita njia ya hewa huingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Aliyemeza asitapishwe, kwani akitapika mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali, hasa akikohoa. Asidi ya betri ikiruka jichoni, fungua jicho na ulioshe kwa maji mengi kwa dakika 20 kabla ya kwenda popote. Petroli ikimwagika sakafuni, zima kila kitu chenye moto, fungua milango na uimwagie mchanga. Usiisukumie mtaroni, maana mtaro huo unapita kwa jirani.

Msomaji, najua maisha ni magumu, na mtungi wa petroli ya bure huonekana kama riziki iliyoletwa mlangoni. Lakini aliyeungua vibaya hulazwa kwa wiki nyingi, hubandikwa ngozi mara kadha, na mikono iliyokuwa ikilisha jamaa yake huenda isikunjuke tena. Waeleze watoto wako mapema: mafuta yakimwagika, watu wa kwetu hukimbia kuyapa mgongo.