Usimnyamazishe Mtoto Asemaye "Goed"

Jioni moja pale Juja, nikingoja matatu ya kwenda Thika, nilimsikia msichana wa yapata miaka mitano akimweleza mamaye, "Teacher goed home." Mama alimkaripia papo hapo: "Sema 'went'! Kwani karo tunalipia nini?" Mtoto akanywea. Hadi matatu ilipofika hakufungua kinywa tena.

Nilitamani kumwambia mama huyo kwamba karo yake haikupotea. Hebu tujiulize, msomaji mpenzi: neno hilo "goed" mtoto alilitoa wapi? Yamkini mwalimu hakulitamka, wala halimo kitabuni. Alikuwa amesikia "played", "washed" na "cooked", akang'amua mwenyewe kwamba tendo lililopita hutiwa mkia fulani. Kisha akautia mkia huo mahali usipostahili. Kasuku hawezi kukosea hivyo, kwani yeye hurudia tu aliyoyasikia.

Mwaka wa 1958 mtaalamu wa Marekani, Jean Berko, alichapisha utafiti ulioanika jambo hili. Aliwaonyesha watoto wa kati ya miaka minne na saba picha ya kiumbe wa kubuni aliyemwita "wug", kisha akawaonyesha wawili. Wengi walijibu "wugs", neno ambalo hakuna aliyepata kuwafundisha. Hata hivyo, wengi walishindwa kugeuza "tass" kuwa "tasses", ingawa "glasses" walilijua. Tena yuko mtoto aliyeeleza kwamba Friday huitwa hivyo kwa kuwa ndiyo siku ya kula samaki wa kukaanga!

Mtoto wa Juja ana mzigo wa ziada. Katika Kiswahili wingi hukaa kichwani mwa neno: kitabu, vitabu. Katika Kikuyu vilevile: mũndũ, andũ. Aingiapo katika Kiingereza huambiwa atazame mkiani. Si ajabu, basi, kuwasikia vijana wetu wakisema "mafriends", wingi mbele na wingi nyuma. Neno hilo huwaudhi walimu, lakini aliyeliunda anazijua kanuni mbili na kuzitumia kwa pamoja. Na sisi wakubwa je? Wasemaji wa Kiswahili waliipokea "keep left" ya Waingereza, ikawa kipilefti, na vikiwa viwili, vipilefti. Hakuna aliyechapwa.

Sisemi "goed" iachwe hadi mtihani wa kitaifa. Nazungumzia namna ya kusahihisha. "Went" haina kanuni. Hunaswa kwa kusikika mara nyingi. Lau mama yule angalijibu tu, "Oh, she went home?", mtoto angalilisikia umbo sahihi na mazungumzo yangaliendelea.

Mwalimu naye, kabla ya kutia wino mwekundu, ayapambanue makosa. Aandikaye "foots" na "childs" ameipata kanuni. Anahitaji kuzoeshwa maneno machache yanayoikaidi. Aandikaye "two book" bado hajaifikia kanuni yenyewe. Aghalabu wote wawili hupewa mkasi mmoja na alama ile ile, na yule wa kwanza, akiona kwamba kubahatisha kunamponza, huanza kuandika sentensi fupi fupi zenye maneno aliyokwisha kuyanakili ubaoni.