Kazi ya Mwanagenzi katika Mahakama ya Arusha

Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji wa gazeti letu, waliopo shuleni na waliokwisha kutoka, kazi niliyoifanya Arusha kwa miezi sita mwaka 2019, nilipokuwa nikisomea sheria. Nimekubali kwa furaha, maana wengi wameniuliza, "Je, mahakama iliyokwisha kufungwa ina kazi gani tena?" Jibu lake si fupi.

Mwaka 1994, kuanzia mwezi wa Aprili, Watutsi wa Rwanda waliuawa kwa muda wa siku kama mia, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji hayo. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini wazee wetu wa Uganda hawakuhitaji kusimuliwa na redio. Mto Kagera ulizileta maiti mpaka ziwani, na maelfu wamezikwa Kasensero, Lambu na Ggolo. Novemba mwaka ule ule Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu wakubwa wa mauaji yale, na makao yake yakawa Arusha. Mahakama hiyo ilishtaki watu 93, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 3,000, ikawapa adhabu watu 62. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ndiyo mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Mwisho wa mwaka 2015 ikafungwa.

Lakini mahakama ikifungwa, makaratasi yake hayafi, wala hofu ya mashahidi haiishi. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuunda chombo kingine cha kushika kazi zilizosalia, nacho kilianza Arusha Julai 2012. Nyumba zake ziko Lakilaki, nje ya mji, na barabara ya kufikia huko inaitwa Haki. Huko ndiko nilikopelekwa.

Sasa kazi yenyewe. Watu waliotuhumiwa kwa mauaji yale walitawanyika duniani. Mmoja yuko Ulaya, amebadili jina na ana kazi yake. Mwingine yuko kusini mwa Afrika. Mpelelezi wa nchi anakokaa mtu huyo huandika barua kuuliza: je, katika kesi zenu zote, kuna shahidi aliyesema habari za mtu huyu, au za kizuizi cha barabarani mahali fulani? Hapo ndipo wanagenzi tulipoingia. Tulitafuta.

Msidhani ni kazi rahisi kwa kuwa kuna kompyuta. Kwanza, majina ya mahali yamebadilika. Mwaka 2006 Rwanda ilipanga upya mikoa na wilaya zake, na miji mingine ikapewa majina mapya: Butare ikawa Huye, Gitarama ikawa Muhanga, Gisenyi ikawa Rubavu. Barua huja na jina jipya, na shahidi alisema la zamani. Pili, majina ya watu. Kwa Wanyarwanda mara nyingi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawana jina moja la ukoo, hivyo huwezi kumfuata mtu kwa jina la babaye. Tena karani mmoja ameandika kwa R, mwingine kwa L.

Tatu, lugha. Mashahidi wengi walisema Kinyarwanda, yakatafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Mimi nimekua nikisema Luganda, na neno *gukora* lilinigusa sikio mara moja, maana kwetu ni *okukola*, kufanya kazi. Lakini katika siku zile wauaji walisema wanakwenda "kufanya kazi", na kazi hiyo ilikuwa kuua. Asomaye tafsiri tupu aweza kupita sentensi kama hiyo asione kitu.

Tukikwisha kupata karatasi, sehemu ngumu ndiyo huanza. Mashahidi wengi waliahidiwa kwamba majina yao hayatajulikana. Kila mmoja alipewa herufi badala ya jina. Ahadi hiyo haikuisha mahakama ilipofungwa. Nchi ikitaka maneno ya shahidi kama huyo, hupeleka ombi, majaji huamua, na kwa kawaida shahidi mwenyewe huulizwa kama anakubali. Yaliyoruhusiwa kutolewa wazi lazima kwanza yafutwe kila alama inayomtaja mtu. Nasema kila alama, kwa sababu kufuta jina hakutoshi. Shahidi akisema, "Mimi niliyekuwa mshonaji karibu na kanisa, na mwanangu wa tatu ndiye aliyepona," majirani zake wote wamemjua. Mwanagenzi hufuta mara ya kwanza, na mkubwa wake husoma tena neno kwa neno kabla karatasi haijatoka. Kesi nilizozishika siwezi kuzitaja, kwani tulitia sahihi ya kutunza siri.

Kazi nyingine, nyepesi zaidi, ilikuwa kuwapokea wanafunzi wa shule waliokuja kutazama. Karibu kila kundi liliuliza kwa nini wauaji wale hawakunyongwa. Swali hilo ni kubwa. Mwaka 1994 Rwanda yenyewe ilipiga kura ya kukataa mahakama hiyo isiundwe, na sababu yake moja ilikuwa kwamba haikuwa na adhabu ya kifo. Baadaye Rwanda ikataka kesi nyingine zipelekwe kwake, nayo mahakama isingeweza kuzipeleka mahali ambapo mshtakiwa angeweza kunyongwa. Mwaka 2007 Rwanda ikafuta adhabu hiyo, na mwaka 2012 mshtakiwa wa kwanza akapelekwa Kigali. Kwa maoni yangu hakuna mfano bora zaidi wa maana ya mahakama kusaidiana: kila upande hulegeza kitu.

Watoro wote walioshtakiwa na mahakama ya Arusha walikuwa wamejulikana walipo, hai au wafu, ifikapo Mei 2024. Lakini Rwanda imekuwa ikitafuta watu wengine zaidi ya 1,000, kwa hiyo barua za kuuliza hazikukoma kwa sababu hiyo.

Wadogo zangu mnaofikiria kwenda, jueni kwamba uanagenzi wa Umoja wa Mataifa hauna mshahara; chumba na chakula ni juu yako. Mimi nililipiwa na mjomba. Hapo hapo Arusha wamo pia Mahakama ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nazo hupokea wanagenzi. Anayetaka aandike mapema, asiache Kifaransa akiwa bado shuleni, na katika barua yake ataje lugha zote anazozijua, pamoja na ile ya nyumbani.